Mama Aliyepasuliwa na Haki ya Maziwa ya Kwanza

Alitujia kijana mmoja wa mji huu baada ya sala ya alasiri, akakaa pembeni mpaka watu wakatoka, ndipo akasema lililomleta. Mkewe amezaa mtoto wa kwanza, mwanamume, kwa kupasuliwa. Mtoto mzima na mama mzima, na sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Walakini nyumbani hakuna raha. Mavyaa wa mzazi, yaani mama wa kijana mwenyewe, tangu hospitalini amekuwa akisema maneno, na walipofika nyumbani akayakariri mbele ya wageni waliokuja kutoa hongera: kwamba mkazamwana wake hakuzaa bali alitolewa mtoto, kwamba asiyeonja uchungu hana mapenzi ya mama, na kwamba maziwa yake yameingia dawa za nusukaputi, basi asimnyonyeshe mpaka ziishe mwilini. Wauguzi walikuwa wachache na vitanda vingi, na hapana aliyesimama kulikanusha neno hilo. Kwa siku tatu mtoto akapewa maji ya sukari na maziwa ya kopo, ila saa za kutazama wagonjwa alikuja jirani yao mwenye mtoto wa miezi mitatu, akamhurumia akamnyonyesha. Siku ya nne mama alipomweka mwanawe kifuani, mtoto alilia akageuza uso. Mama naye akalia. Mavyaa akasema, "Mwaona? Hata mtoto mwenyewe hamjui."

Kijana akatuuliza: Je, mke wangu ana haki za mama kamili, au zimempungukia? Na mama yangu nitamjibu nini nisije nikavunja adabu?

Twaliona swali hili si la nyumba moja. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba katika kila watoto 100 wanaozaliwa ulimwenguni, 21 huzaliwa kwa upasuaji. Basi ni nani kati yetu asiye na dada, binti au mke aliyezaa hivyo? Na maneno aliyoyasema mwanamke yule mzee si yake peke yake, ni maneno tunayoyasikia barazani na jikoni, nasi tumeyanyamazia miaka mingi kwa kudhani ni mambo ya wanawake. Hilo ni kosa letu kabla ya kuwa lao.

Tuanze na neno la uchungu, kwa kuwa wenye kulisema hudhani wana hoja katika dini. Husema: Mwenyezi Mungu katika Sura ya Luqman ametaja kwamba mama humbeba mwanawe katika udhaifu juu ya udhaifu, na katika Sura ya Al-Ahqaf ametaja taabu ya kubeba na taabu ya kuzaa, na kwa taabu hizo ndio akaamrisha wema kwa wazazi. Aliyelazwa akatolewa mtoto amelala, taabu ya kuzaa ameiona wapi?

Twasema: ndugu, mambo haya hukuyatazama. Mwanamke huyu amebeba miezi tisa kama alivyobeba mwenziwe. Kisha akakatwa ngozi, yakafunguliwa matabaka yaliyo chini yake moja baada ya moja, likapasuliwa tumbo la uzazi, na vyote vikashonwa tena. Anayezaa kwa njia ya kawaida uchungu wake watangulia. Aliyepasuliwa uchungu wake wafuata, naye huku nyuma atakiwa ainuke, atembee, akohoe, ambebe mtoto, na kila jambo katika hayo lamvuta mshono. Tena wengi wao hupasuliwa baada ya kupigwa na uchungu usiku na mchana na mtoto asishuke. Hao wameonja yote mawili. Ikiwa thawabu ni kwa kadiri ya taabu, basi mwenye kutaka kuwapunguzia thawabu na ajihadhari asije akajipunguzia zake.

Na mafakihi hawakupata kuuliza mtoto alipita njia gani. Zamani sana, kabla ya upasuaji kuwa salama kwa aliye hai, walizungumza juu ya mwanamke aliyekufa naye ana mtoto hai tumboni, na wa madhehebu yetu ya Shafii wakasema apasuliwe atolewe mtoto iwapo yatarajiwa ataishi. Akitoka hai ni mwana wa mama yule na humrithi. Ikiwa maiti hakuvuliwa umama kwa kupasuliwa, atavuliwaje aliye hai anayeuguza kidonda kwa ajili ya mwanawe?

Sasa tuje kwenye lililo gumu zaidi, nalo ni hili dai kwamba mapenzi ni zao la uchungu. Hili lataka fikira, maana lina sura ya ukweli. Hapana shaka mtu hukithamini alichokitaabikia. Lakini tukilifanya ndilo asili ya mapenzi, tutasema nini juu ya baba ambaye hakuonja uchungu hata wa saa moja, naye yu tayari kuuza nyumba yake mwana apone? Tutasema nini juu ya bibi anayelea mjukuu? Na Bi Halima wa Banu Saad alimpokea Mtume wetu (S.A.W.) mtoto wa wenyewe, mikononi mwake, kwa ajili ya kunyonyesha tu, wasimulizi wa sira wakaeleza kwamba muda ulipotimia akamrejesha kwa mamake, moyo haukumkubali kumwacha, akaomba arudi naye. Uchungu wa kumzaa hakuuonja. Aliyoyaonja ni kukesha, kumbeba, kumtazama akinyonya. Yaonekana basi kwamba mapenzi hukua kwa kulea, na kwamba uchungu ni mlango mmoja tu katika milango yake.

Wako waliokosea upande wa pili pia, nao ni watu wa elimu. Mwaka 1972, katika mji wa Cleveland huko Marekani, madaktari Marshall Klaus na John Kennell na wenziwao waliwatazama akina mama 28. Nusu yao walipewa watoto wao kwa nyakati za kulisha tu kama ilivyokuwa kawaida ya hospitali za huko, na nusu wakazidishiwa saa 16 za kukaa nao katika siku tatu za mwanzo. Baada ya mwezi mmoja wakaona wale waliozidishiwa wawatazama na kuwatuliza watoto wao zaidi. Kazi hii ilileta kheri kubwa, kwani hospitali nyingi ziliacha desturi ya kuwafungia watoto chumba cha mbali. Lakini watu wakaifanya sheria ya chuma: kwamba saa ya kwanza ikipita, mlango umefungwa. Wataalamu wengine walipochunguza hawakuona alama nzito namna ile, na Klaus na Kennell wenyewe wakaja wakaeleza kwamba binadamu ana njia nyingi za kushikamana na mwanawe, na moja ikizibika hupitia nyingine. Twalitaja hili kwa sababu mama aliyepasuliwa huumizwa na pande zote mbili: ajuza humwambia huna mapenzi kwa kuwa hukuumwa, na mwenye kitabu humwambia saa yako imepita.

Nasi tuna kisa kilicho wazi kuliko vyote viwili. Mama yake Nabii Musa aliamrishwa amnyonyeshe mwanawe, na akimhofia amtupe mtoni. Lizingatie hili ewe msomaji: jeshi la Firauni li mlangoni, na jambo la kwanza aliloamrishwa mama ni kumpa mtoto ziwa. Kisha wakatengana. Moyo wake ukabaki mtupu hata akakaribia kuidhihirisha siri. Mtoto akawakataa wanyonyeshaji wote mpaka aliporejeshwa kwa mamake, jicho lake likaburudika asihuzunike. Je, kutengana kule kulivunja kitu? Tumekisoma kisa hiki katika Sura ya Al-Qasas mara ngapi, na kila mara fikira zetu hukimbilia kwa Firauni na bahari, tukampita mama huyu anayesubiri mwanawe arudi kifuani.

Ama habari ya maziwa, hapa ndipo palipo na dhuluma, nasi hatutaki kuificha. Katika Minhaj ya Imam An-Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani hii wamekisoma vizazi kwa vizazi, limewekwa jambo ambalo twahofia wengi hulipita mbio: kwamba ni wajibu juu ya mama kumnyonyesha mtoto yale maziwa ya kwanza, ambayo Waarabu huyaita liba' na sisi twayaita dang'a. Baada ya hayo, akipatikana mwingine wa kumnyonyesha, mama halazimishwi. Lakini dang'a ni haki ya mtoto, kwa sababu, kama walivyoeleza wenye kukisherehesha kitabu hicho, mtoto kwa kawaida hawi na nguvu ila kwayo. Na muda wake ni siku ngapi? Wengine walisema tatu, wengine saba, na ikasemwa jambo hili lirejewe kwa wenye ujuzi.

Basi turejee kwao kama tulivyoamrishwa. Wenye ujuzi leo wasema dang'a ni machache, mazito, huelekea rangi ya manjano, na yamejaa vitu vya kumkinga mtoto na maradhi pamoja na vitamini A kwa wingi. Wasema tumbo la mtoto siku ile ya kwanza ni dogo, na kijiko kidogo cha chai au pungufu chamtosha kwa mara moja. Basi anayetazama titi la mzazi akasema "hakuna kitu" hakujua anachokitafuta. Wasema mtoto aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza, asipewe kingine mpaka miezi sita, kisha aendelee pamoja na chakula mpaka miaka miwili na zaidi. Ile miaka miwili Qurani ilikwisha kuitaja katika Sura ya Al-Baqara kwa mwenye kutaka kutimiza. Na wako katika mji wetu wanaoyakamua maziwa yale ya manjano wakayamwaga, wakisema ni machafu! Wajibu wa sharia humwagwa katika karai, nasi twasoma Minhaj.

Tukauliza: je, aliyepasuliwa maziwa yake huharibika? Daktari mmoja Mwislamu tuliyemwendea alitufafanulia jambo lililotupendeza sana. Alisema maziwa huamshwa na kutoka kwa kondo la nyuma. Kondo likisha kuondoka mwilini, ile homoni iliyokuwa ikiyazuia hushuka, na titi hupata ruhusa. Kondo huondoka kwa aliyezaa mwenyewe na huondoka kwa aliyepasuliwa. Maziwa hayaulizi mtoto alipita wapi. Ama dawa, aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni yu macho, na mtoto aweza kuwekwa kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, hali mshono ungali washonwa; na aliyelazwa kabisa kwa nusukaputi aweza kunyonyesha mara tu akizinduka akawa na fahamu zake. Dawa zitumiwazo sana kutuliza maumivu ya mshono hazimzuii, na mwenye shaka na dawa fulani amuulize daktari, asiulize barazani.

Hata hivyo kweli moja lazima tuikiri. Kwa aliyepasuliwa maziwa mengi aghalabu huchelewa kidogo kushuka. Kwa wengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne, na yeye huenda akazidi hapo. Lakini sababu ni nini? Ni maumivu, ni hofu, ni kutengwa na mtoto, ni mtoto kucheleweshwa kunyonya. Ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyonyonywa, na ile homoni iitwayo oksitosini, ambayo huyasukuma maziwa yatoke, huzuiwa na fadhaa na maumivu. Na aliyezaa kwa njia ya kawaida kisha akatokwa na damu nyingi, au akakaa na uchungu muda mrefu mno, huweza kupatwa na kuchelewa huko huko, wala hapana amwambiaye si mama.

Sasa irudie ile nyumba ya kijana wetu. Mama ana maumivu: huo ni mtihani wa Mwenyezi Mungu. Lakini nani aliyemtia hofu? Nani aliyemtenga na mwanawe siku tatu? Nani aliyemshibisha mtoto kwa chupa hata akawa hana haja ya kunyonya, na akazoea kinywa chake kuteremkiwa bila ya kuvuta? Kisha mtoto alipogeuza uso, yakafanywa ni ushahidi dhidi ya mama! Mtu amefunga mlango, halafu amwambia mwenye nyumba, kumbe huna ufunguo.

Wajibu wa dang'a uko juu ya mama, nasi tumeusema. Lakini ikiwa mwenye wajibu hawezi kuinuka, kile kisichotimia wajibu ila kwacho kimeingia shingoni mwa walio karibu naye. Kumletea mtoto kitandani, kumlaza ubavuni, kumweka chini ya kwapa miguu ielekee nyuma ili asikanyage mshono, kumwekea mto, kumkamulia kwa mkono katika kijiko iwapo mtoto hawezi kuvuta: hii ndiyo kazi ya mavyaa, wifi na shangazi. Katika hili wazee wetu wa kike wana elimu ambayo sisi hatuna. Waliwakanda wazazi kwa maji ya moto, waliwapikia, waliwahifadhi siku arubaini wasiguse kazi. Hatusemi wasiingie chumbani. Twasema waingie na mikono yao na ndimi zao waziache nje.

Litazame jambo la Bi Maryamu. Alishikwa na uchungu akiwa peke yake, akaegemea shina la mtende, akatamani lau angekuwa amekufa kabla ya hayo. Alipozaa, hakupewa mawaidha. Alioneshwa maji, akaambiwa atikise mtende apate tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litulie. Na akimwona mtu, asiseme naye. Watu wenye maneno walikuwapo, na walikuja, na waliyasema. Lakini mzazi aliondolewa kazi ya kuwajibu. Nasi humwachia binti wa miaka ishirini, mwenye kidonda kibichi, kazi ya kuujibu mji mzima.

Hapa mume ana sehemu yake, nayo ni nzito. Aya ile ile ya Al-Baqara iliyotaja kunyonyesha imemtwika baba chakula na mavazi ya mama kwa wema, ikakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na ikaliweka jambo la kumwachisha ziwa liwe kwa ridhaa na mashauriano ya wote wawili, yaani mume na mke. Mafakihi wa Kishafii wamesema mama ana haki hata ya kutaka ujira wa kunyonyesha, na dang'a yenyewe imo. Hatuwahimizi wanawake wetu watoze; twawakumbusha waume kwamba wanalopewa bure kila usiku lina thamani. Yule kijana alituuliza atamjibu nini mamake. Tukamwambia: umbusu mkono, umpe haki yake, kwani Mtume (S.A.W.) alipoulizwa ni nani astahiliye zaidi kutendewa wema alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba. Kisha umwambie kwa upole kwamba mwanao naye ana mama, na hizo mara tatu ni zake kutoka kwa mtoto huyu.

Mambo mawili madogo tuyapitie upesi, kwa kuwa yataulizwa. Kumpaka mtoto tende kaakaani ni sunna, nayo ni kiasi cha kuonja, haikuwa mlo, wala hapana aliyeifanya hoja ya kumnywesha mtoto asali kikombe kizima. Madaktari wameonya kwamba asali yaweza kumdhuru vibaya mtoto asiyetimiza mwaka, basi na iachwe. La pili, wako ambao maziwa yao hayatoshi hasa, au mtoto wao hana nguvu. Mtoto akilala mno asiamke kunyonya, au nepi zikakaa kavu, apelekwe hospitali mara moja, na akiagizwa maziwa mengine apewe, na mamake asitiwe dhambi wala aibu. Kopo kwa ushauri wa daktari ni dawa. Tunalolipinga ni kopo la ushauri wa baraza.

Yule mama, twashukuru, hakukata tamaa. Kijana alirudi kutupa habari baada ya juma mbili. Mkunga wa zahanati alimfundisha akae kifua wazi na mtoto juu yake, wafunikwe leso, bila ya kulazimisha ziwa. Njia ambayo tangu mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, nchini Kolombia, waliwatumia watoto njiti, na leo yatumiwa katika hospitali nyingi, za Kenya zikiwamo. Mavyaa mwenyewe ndiye aliyekuwa akiupanga mto. Siku ya sita ya kukaa hivyo mtoto alinyonya mpaka akalala.

Ndipo tukamuuliza kijana jambo ambalo yeye hakulileta: yule jirani aliyemhurumia mtoto hospitalini, alimnyonyesha mara ngapi? Akashangaa. Tukamweleza kwamba katika madhehebu yetu manyonyo matano yaliyo mbali mbali, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili, humfanya mwenye maziwa kuwa mama, na watoto wake kuwa ndugu wasiooana, na kwamba katika siku chache hesabu hiyo hutimia watu wasijue. Akaenda akawauliza wote wawili, jirani na mamake, kila mmoja peke yake. Akarudi siku ya Ijumaa na karatasi. Ya kwanza ilikuwa saa kumi alasiri ya siku ile ya upasuaji, na kwa jumla zilikuwa saba. Basi yule binti wa jirani, ambaye sasa ana miezi mitatu na nusu, ni dada yake, na majina yao wote wawili tumeyaandika katika daftari la msikiti.